Hatia Moyoni: Namna ya Kutubu, Kurekebisha na Kupokea Maonyo

Wakristo wengi wanaolala na mzigo wa hatia hawajawahi kukaa chini wakautaja kwa jina. Ukiwasikia wakiomba, maneno ni yale yale: Bwana nisamehe, mimi ni mwovu, nimekukosea sana, sistahili. Wakisema amina mzigo uko pale pale, na kesho usiku wanaanza upya. Wengine huhitimisha kwamba hawana imani, au Mungu amewaacha. Kwa maoni yangu, shida mara nyingi ni nyepesi kuliko hiyo: wameomba msamaha wa kila kitu, kwa hiyo hakuna kitu hata kimoja walichokileta mezani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutoka hapo. Fuata hatua kwa mpangilio wake, hata kama moja inaonekana haikuhusu. Hatua mbili za mwisho zinahusu maonyo: unapoonywa wewe, na unapolazimika kumwonya mwenzako.

Hatua ya kwanza: jua ni nani anayesema nawe

Biblia inataja sauti mbili zinazozungumza juu ya dhambi zako. Katika Yohana 16:8 Roho Mtakatifu ndiye anayeuhakikisha ulimwengu kwa habari ya dhambi. Katika Ufunuo 12:10 Shetani anaitwa mshitaki wa ndugu zetu, awashitakiye mchana na usiku. Zote mbili zinaweza kukunyima usingizi. Lakini hazifanani, na ukizisikiliza kwa utulivu utaona tofauti.

Roho hutaja tendo. "Ulimdanganya dada yako kuhusu ile pesa." Mshitaki hutaja nafsi yako yote: "Wewe ni mwongo, hujawahi kuwa mtu wa maana." Roho akishakuonyesha kosa hukuonyesha na pa kwenda: rudi, sema kweli, lipa. Mshitaki hana pa kukupeleka. Anataka ukae hapo hapo ukijitazama. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu hufanya toba liletalo wokovu, bali huzuni ya dunia hufanya mauti (2 Wakorintho 7:10). Huzuni zote mbili zinauma, kwa hiyo usipime kwa maumivu. Pima kwa njia inayokuelekeza.

Hapa inafaa kuwatazama Yuda na Petro, kwa kuwa walianguka usiku mmoja. Tumezoea kusema Petro alitubu na Yuda hakutubu, lakini soma Mathayo 27:3-5 taratibu. Yuda alijuta. Aliitaja dhambi yake bila kuizungusha: "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia." Alirudisha vipande thelathini vya fedha. Ukihesabu hatua za toba, alikuwa amepiga tatu. Alichokosa ni kitu kimoja tu: mtu sahihi wa kumpelekea toba yake. Alikwenda kwa makuhani, watu ambao kazi yao ilikuwa kuwapokea wenye dhambi, nao wakamjibu: "Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Akatoka akajinyonga. Petro naye alilia kwa uchungu, lakini alibaki karibu na wenzake, na asubuhi ile ufuoni, baada ya ufufuo, aliposikia kwamba ni Bwana, alijitupa majini kumfuata. Hatia inayokusukuma kumkimbia Kristo, hata kama imesema kweli juu ya kosa lako, haijatoka kwake.

Hatua ya pili: chukua karatasi

Usifanye kazi hii kichwani. Kichwani mambo huzunguka na kuchanganyika. Andika kila kinachokuelemea, sentensi fupi fupi, bila maombi kwanza na bila kujitetea. Kisha rudi mwanzo wa orodha, na mbele ya kila sentensi ujibu: hili nililitenda kwa kujua, lilitokea kwa udhaifu wa kibinadamu, au nilitendewa na mtu mwingine?

Aina ya kwanza ni dhambi, na ndiyo inayohitaji toba. Nyingine mbili huvaa nguo za dhambi na kukaa nayo meza moja, na hapo ndipo watu wema huteseka miaka.

Kwa aina ya pili, chukua mfano wa aliyefiwa na mzazi. Anajiuliza: kwa nini sikumpeleka hospitali wiki moja kabla? Kwa nini siku ile sikupokea simu yake? Hakujua. Angejua angefanya vingine. Hiyo ni huzuni ya kumpenda mtu aliyeondoka, na dawa yake ni kuomboleza, kulia mbele za Mungu na kulia na watu. Ukiifanyia toba haitaisha, kwa sababu hakuna dhambi ya kusamehewa pale.

Aina ya tatu ni nzito zaidi. Mtu aliyenajisiwa, mke anayepigwa, mtoto aliyetumiwa vibaya na mtu mzima, mara nyingi hubeba aibu ambayo ni ya aliyemtenda. Wapo hata waliotubu mara nyingi kwa yale waliyotendewa. Kama sentensi ya aina hiyo iko kwenye karatasi yako, ifute kwenye orodha ya dhambi. Si yako. Unachohitaji hapo ni ulinzi, haki na uponyaji, na mtu yeyote wa dini anayekuambia uanze kwa kutubu sehemu yako anakuongezea jeraha.

Karatasi itakayobaki huwa fupi kuliko ulivyotazamia. Mara chache huwa ndefu. Vyovyote vile, sasa una kitu cha kuleta.

Hatua ya tatu: ungama kwa Mungu, mara moja, kwa jina la tendo

Daudi anasimulia katika Zaburi 32 hali yake kabla ya kuungama: "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa kwa kuugua kwangu mchana kutwa." Kunyamaza huko hakukuwa kwa siku mbili. Nabii Nathani alipomwendea kwa habari ya Bathsheba na Uria, mtoto alikuwa ameshazaliwa. Na aliposema, "Nimemfanyia BWANA dhambi," jibu lilikuja papo hapo: "BWANA naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa" (2 Samweli 12:13). Matunda machungu ya tendo lile yalimfuata Daudi nyumbani kwake miaka mingi. Lakini msamaha haukungoja hata siku moja.

Kwa hiyo chukua sentensi ya kwanza kwenye karatasi na uisome mbele za Mungu kama ilivyo. Kwa mfano: "Baba, niliwaambia wenzangu kazini kwamba yule ndugu alichukua fedha za mchango. Nilijua sina hakika. Nilisema kwa wivu, kwa kuwa yeye ndiye aliyechaguliwa. Ni uongo na ni dhambi. Nisamehe kwa ajili ya damu ya Yesu." Basi. Usiongeze "lakini na yeye". Usiongeze pia matusi juu yako mwenyewe, kwani kujitukana hakuifanyi toba kuwa ya kweli zaidi.

Kisha soma 1 Yohana 1:9 kwa sauti: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Angalia msamaha umewekwa juu ya nini: juu ya uaminifu wake na haki yake, wala si juu ya wingi wa machozi yako. Shukuru, pitisha mstari juu ya sentensi ile, nenda kwa inayofuata.

Hatua ya nne: mwambie mtu mmoja

Si kila dhambi inahitaji kusemwa kwa binadamu. Lakini ile inayojirudia, ile ya siri, na ile ambayo umeshaiungama kwa Mungu na bado inakutawala, hiyo itoe nje. "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa" (Yakobo 5:16).

Wakatoliki na Waorthodoksi wana sakramenti ya kitubio. Tangu Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, Mkatoliki ameagizwa kuungama angalau mara moja kwa mwaka, na padri amefungwa na siri ya maungamo bila ruhusa ya kuivunja. Walutheri na Waanglikana nao wanayo maungamo ya faragha kwa mchungaji, ingawa waumini wengi hawajui kwamba wanaweza kuyaomba. Kwenye makanisa mengine utamwendea mchungaji, mzee wa kanisa, au Mkristo aliyekomaa.

Kama uchaguzi ni wako, chagua mtu ambaye hujawahi kumsikia akisimulia siri za wengine, hata kwa mtindo wa "tumwombee fulani". Achague kusikiliza kabla ya kusema. Awe wa jinsia yako kama jambo linahusu mwili. Asiwe mtu anayenufaika na udhaifu wako, kifedha au kimadaraka. Muulize kabla hujaanza: "Nikikuambia, litabaki kati yetu?" Kama kuna mtoto au mtu mwingine aliye hatarini, mshauri mwema atakueleza mapema kwamba hataweza kunyamaza, na hilo ni sawa.

Hatua ya tano: rekebisha unachoweza

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na wengi wanaolalamika kwamba hatia haiondoki wamekwama hapa. Mungu amekusamehe, ila fedha za mtu bado ziko mfukoni mwako.

Sheria ya Musa ilikuwa wazi: aliyedhulumu arudishe kile alichochukua kwa ukamilifu na aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe siku ile ile anapoleta sadaka yake ya hatia (Walawi 6:1-7). Zakayo alikwenda mbali zaidi, akaahidi mara nne (Luka 19:8). Naye Yesu anasema ukiwa madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako pale, uende kwanza ukapatane naye (Mathayo 5:23-24).

Namna ya kuomba radhi ina uzito wake. Mtu akisema "kama nilikukwaza, naomba unisamehe," hajakiri chochote. Amemwachia mwenzake kazi ya kuamua kama kulikuwa na kosa. Sema hivi badala yake: "Mwezi uliopita niliwaambia watu kwamba ulichukua fedha za mchango. Sikuwa na ushahidi. Nilisema kwa wivu. Nimekuharibia jina, na nimeshawaambia wale niliowaambia kwamba nilisema uongo. Naomba unisamehe." Tendo limetajwa, sababu imesemwa bila kujitetea, madhara yametambuliwa, na marekebisho yameshaanza. Kisha nyamaza. Usimdai akusamehe hapo hapo. Anaweza kuhitaji muda, na ana haki hiyo.

Deni kubwa lilipe kidogo kidogo, lakini anza, na mwenye haki ajue mpango wako. Kama aliyedhulumiwa amekufa, warithi wake wapo. Kama kosa ni la jinai, msamaha wa Mungu haufuti wajibu wako mbele ya sheria. Tafuta mwanasheria na mtu wa kukusindikiza, ukaliseme.

Yapo mazingira ambayo kwenda ni kosa. Usimwendee mtu kumwambia kwamba ulikuwa unamchukia au unamtamani moyoni ilhali hakujua. Utapata nafuu wewe, naye abaki na mzigo. Usimtafute mtu uliyemdhuru ambaye anakuogopa au amekuomba usimkaribie. Peleka ujumbe au malipo kupitia mtu mwingine. Na kwa uzinzi, usikurupuke usiku mmoja kumwambia mwenzi wako kila kitu. Ana haki ya kujua ukweli, hasa kama afya yake iko hatarini, lakini shauriana kwanza na mshauri mwenye busara kuhusu namna, mahali, na nani atakuwepo kumsaidia yeye baadaye.

Hatua ya sita: hatia inayorudi baada ya yote hayo

Umeungama, umerekebisha, na bado wazo linarudi. Je, niliungama vizuri? Nilisahau kitu? Nilimaanisha kweli?

Hauko peke yako. Martin Luther alipokuwa mtawa aliungama kwa saa nyingi mfululizo, akitoka anakumbuka kingine anarudi, mpaka mlezi wake Johann von Staupitz akachoka. Ignasi wa Loyola, aliyekuja kuanzisha shirika la Wajesuiti, mwaka 1522 aliandika maungamo ya maisha yake yote na kuyasoma kwa siku tatu, na bado alipokaa mjini Manresa, Hispania, mashaka yalimrudia hata akajaribiwa kujiua. Padri wake alimwagiza asiungame tena mambo ya zamani isipokuwa yaliyo dhahiri kabisa. Haikumsaidia, kwa sababu kwake yote yalionekana dhahiri. Alipata amani siku alipokata shauri kutoyaungama tena hata kidogo.

Kata shauri hilo hilo. Dhambi iliyoungamwa haiungamwi mara ya pili. Wazo likija, lijibu kwa sentensi moja, "Hili limekwisha, Kristo amelibeba," kisha endelea na kazi iliyo mikononi mwako bila kubishana nalo. Kubishana ndiko kunakolinenepesha. Usisubiri kujisikia msafi ndipo uamini kwamba umesafishwa. Yohana anasema mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote (1 Yohana 3:20). Kuwa na mshauri mmoja tu kwa jambo hili na ufuate neno lake. Ukizunguka kwa watano kutafuta uhakika utatoka na mashaka matano.

Kama mawazo haya yanakula saa nyingi za siku, yanakulazimisha kurudia maombi mpaka yatoke "sawasawa", au yamekunyima usingizi na hamu ya chakula kwa wiki kadhaa, mwone daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Kuna maradhi ya wasiwasi na ya huzuni yanayovaa sura ya dini, na yanatibika. Kumwona daktari hakupunguzi imani yako. Na ukianza kufikiria kujiua, usingoje ibada ijayo: mwambie mtu leo, nenda hospitali, usikae peke yako.

Hatua ya saba: unapoonywa

Waebrania 12 inasema Bwana humrudi yule ampendaye, na kwamba kila adhabu kwa wakati wake haionekani kuwa kitu cha furaha bali cha huzuni, lakini baadaye huwaletea waliozoezwa nayo matunda ya haki yenye amani. Mara nyingi marudi hayo hupitia kinywa cha binadamu, tena asiyejua kuongea vizuri.

Akija mtu kukuonya, usijibu siku hiyo. Sema, "Nimekusikia, nipe muda niliombee." Muulize akupe mfano mmoja au miwili, tendo na siku, ili usibaki na lawama ya jumla. Kisha tenganisha ujumbe na mjumbe. Anaweza kuwa na ukali, hata na nia mbaya, na bado akawa amesema kweli. Pia anaweza kuwa mpole na akawa amekosea. Lipime neno lake kwa Maandiko, na kwa macho ya rafiki mmoja anayekupenda lakini hakuogopi. Likiwa la kweli, rudi hatua ya pili. Likiwa si la kweli, mwambie hivyo kwa heshima, ulitue.

Na tafadhali usiuchukulie kila ugonjwa, kila hasara, kila mimba iliyoharibika kuwa kiboko cha Mungu. Marafiki wa Ayubu walifanya hivyo, na Mungu akawaambia hawakunena yaliyo sawa. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, Yesu alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3).

Hatua ya nane: unapomwonya mwingine

Jichunguze kwanza kama unafurahia kwenda. Ukijikuta unafurahia, ahirisha. Wagalatia 6:1 inawaagiza walio wa Roho wamrejeze upya mtu aliyeghafilika, kwa roho ya upole, huku wakijiangalia nafsi zao. Kazi yako ni kumrejeza.

Utaratibu uko Mathayo 18:15-17. Nenda wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Ikishindikana ndipo kanisa lihusike. Wengi huanza na hilo la mwisho, kanisa, au kabla ya yote hulipeleka kwenye kundi la simu kama ombi la maombi. Huo ni umbea. Kipo kipengele tofauti: kosa lililofanywa hadharani na kiongozi, likiwapotosha wengine, linaweza kukemewa hadharani, kama Paulo alivyompinga Petro mbele ya watu kule Antiokia (Wagalatia 2:11-14). Unyanyasaji wa watoto au ukatili nao hauendi kwa faragha ya watu wawili. Unakwenda kwa vyombo vya sheria, na aliyedhulumiwa halazimishwi kukaa chumba kimoja na aliyemdhulumu.

Kwa viongozi wanaomweka mtu chini ya nidhamu: mpe sababu kwa maandishi, mwambie ni muda gani, nani atamtembelea, na nini kitaonyesha kwamba imekwisha. Nidhamu isiyo na mwisho humvunja mtu. Wala msimtoze fedha ili arudishiwe ushirika, wala msimlazimishe kusimulia mbele ya watoto na wageni mambo ya chumbani. Paulo aliwaagiza Wakorintho kuhusu mtu aliyekuwa ameadhibiwa na walio wengi kwamba imemtosha. Sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa kwa huzuni ipitayo kiasi (2 Wakorintho 2:6-8). Aliona hatari ya kuchelewesha msamaha kuwa kubwa kama ile ya dhambi yenyewe.

Siku muda unapokwisha, tangazeni mbele ya wale wale waliosikia kosa lake. Mkaribisheni mezani pa Bwana jina lake likitajwa. Huduma anayoweza kurudi kuifanya apewe tarehe ya kuanza, na ile ambayo hawezi tena kukabidhiwa, kwa usalama wa wengine, aambiwe wazi na sababu yake. Tangu siku hiyo, kosa lile halitajwi tena katika kikao, katika mahubiri, wala katika utani.